Nyumba ya Mwalimu na Bima ya Mchoro

Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilizaliwa Chemba, kwa watu wanaozungumza kwa kugonga ulimi, na ada ya chuo cha ufundi niliitoa kwenye matofali niliyofyatua kwa mikono hii. Diploma yangu ya ujenzi ni moja tu na sijaona haja ya kuiongezea nyingine. Kwa diploma hiyo nilifanya kazi Maskati miaka kumi na minne, nikachora ngazi za hoteli ambazo matajiri wanazipanda mpaka leo bila kujua kwamba kila kipandio kilipimwa na mtu wa Chemba. Niliporudi, wizara zilikuwa zinahamia Mtumba, kila mtumishi anatafuta kiwanja na kila kiwanja kinatafuta mchoro. Nikafungua ofisi mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, vyumba viwili, kiyoyozi kimoja, na bango ambalo unaliona kabla hujakata kona.

Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba si rahisi kunishangaza. Nimesimama chini ya majengo ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka. Lakini kilichonishangaza nilikikuta hapa hapa, kwenye nyumba ya vyumba vitatu.

Fundi sanifu kama mimi hagongi muhuri wa mhandisi. Kwa hiyo niliajiri mhandisi aliyesajiliwa, dada mmoja mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, ambaye kabla hajafungua hata begi lake aliniuliza ofisi ina bima gani. Nikamwonyesha bima ya gari. Akasema hapana, anauliza bima ya dhima ya kitaaluma. Nikamwambia kwa utani kwamba michoro yangu iko kwenye kompyuta, haiwezi kuungua wala kuibwa.

“Si ya karatasi, bosi,” akasema. “Ni ya kosa. Ukichora vibaya na mtu akapata hasara, bima ndiyo inayosimama.”

Nikamwambia kosa mimi sina.

“Ndiyo maana nataka uikate sasa, kabla hujalipata.”

Nilikata ili anyamaze. Mkataba ulipokuja niliusoma nikinywa chai, na chai ikapoa. Niseme kweli, uliniingia. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akikosea, kosa ni lake na la ukoo wake. Hapa palikuwa na karatasi inayosema kwamba nikikosea mstari mmoja katika mchoro wa Dodoma, hasara yake itabebwa na kampuni, na nyuma ya kampuni hiyo kuna kampuni nyingine zinazogawana mzigo, mpaka kwenye miji ambayo hata mimi niliyetembea sijaifikia. Nilitazama penseli iliyokuwa mezani. Nilihisi watu wengi wameishika pamoja nami.

Kulikuwa na masharti. Jambo lolote linaloweza kuzaa madai lazima litolewe taarifa mara tu unapolijua. Na usikiri kosa kwa mteja, wala usiahidi fidia, mpaka kampuni iridhie kwa maandishi. Sharti hilo la pili nililipenda sana. Lilikuwa kama limeandikwa na mimi.

Mwalimu alikuja ofisini mwaka huo huo, akiwa ameshika kiwiko cha mkewe. Alikuwa amepoteza macho tangu utoto, akasoma shule ya wasioona ya Buigiri, akafundisha miaka zaidi ya thelathini, na sasa alikuwa amestaafu na kupata kiwanja mbele kidogo ya Mtumba. Alipapasa ukingo wa meza yangu kutoka upande hadi upande, akasema ni mbao nzuri lakini mguu mmoja ni mfupi. Ulikuwa mfupi kweli. Nilikuwa nimeweka karatasi iliyokunjwa chini yake.

Alitaka kuuona mchoro wa nyumba yake. Hilo lilikuwa swali ambalo Maskati hawakunifundisha, nami nikalijibu mwenyewe: nilichapa mchoro kwenye karatasi ngumu, nikabandika uzi wa katani juu ya kila ukuta kwa gundi, milango nikaacha wazi. Aliusoma kwa vidole kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini mlango wa choo unatazamana na meza ya chakula. Mkewe akacheka mpaka akafuta machozi. Nikauhamisha mlango. Tangu siku hiyo aliniita fundi, na ingawa kwenye kadi yangu imeandikwa mkurugenzi, kwake sikulalamika.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana kosa lenyewe ni la watu wa huku.

Mtu yeyote aliyekulia uwanda huu anaujua udongo wa mbuga. Ni mweusi. Kiangazi unakauka na kupasuka, unakuwa mgumu kiasi kwamba sululu inaruka. Mvua ikinyesha unakunywa maji na kuvimba kama unga wa uji, na chochote kilicho juu yake kinanyanyuka. Wazee wetu hawakujenga humo. Humo walilima uwele, wakajenga kwenye udongo mwekundu. Siku hizi viwanja vimepanda thamani, na mwenye kiwanja chenye mbuga analeta malori machache ya udongo mwekundu, anasambaza, anauza. Kila dalali wa Dodoma anajua. Mimi pia nilijua. Ila kiwanja cha mwalimu nilienda kukikagua mwezi wa kumi, jua la kuchoma, nikiwa na miaka kumi na minne ya mchanga wa jangwani kichwani. Nilichimbisha shimo moja la kupimia, upande wa juu wa kiwanja, karibu na gari. Sululu ikatoa cheche. Nikasema, hapa hata ghorofa. Kona ya chini sikuichimba.

Mhandisi aliniuliza mashimo yalikuwa mangapi. Nikamjibu kwamba yametosha. Akagonga muhuri kwa neno langu.

Mwaka wa kwanza baada ya wao kuhamia mvua zilikuwa haba na nyumba ilitulia. Mwaka wa pili, Desemba, zikaja mvua za kweli. Baada ya siku chache mwalimu akanipigia simu, akaniambia ukuta wa chumba cha kona umepata ufa mwembamba kama unywele. Nikaenda. Sikuuona mpaka alipochukua kidole changu akakiweka juu yake. Nikamwambia ni lipu inakauka, ni kawaida. Akasema haya, fundi, wewe ndiye unayejua. Nikapewa zabibu za uani kwao, nikarudi mjini.

Januari ulikuwa mwezi wa kuhuisha bima. Kwenye fomu kuna swali: je, unafahamu jambo lolote linaloweza kuzaa madai dhidi yako? Niliandika “Hapana” na sahihi yangu, ile ndefu yenye mkia. Kusema kweli unywele ule haukunijia kabisa. Mtu asiyekosea hakumbuki mambo kama hayo.

Machi mwalimu alinipigia tena, na safari hii nilikwenda na mhandisi. Kutoka barabarani tuliuona ufa, unashuka kutoka kona ya dirisha hadi chini kama ngazi, unapita katikati ya matofali. Mlango wa chumba ulikuwa haufungi. Mhandisi alichukua jembe la mke wa mwalimu, akachimba pembeni ya msingi, akapita wekundu kina cha goti, na jembe likatoka jeusi, linanata. Aliuviringisha ule udongo kiganjani ukawa mrefu kama kamba, usikatike. Akanitazama.

“Kona hii ulichimba?”

“Sikuchimba.”

Nilisimama pale nikiutazama ule udongo kiganjani mwake, na msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba kabla ya kuona aibu niliona ajabu. Kuta, zege, paa, makabati, vitanda, watu wawili, vyote vilikuwa vimenyanyuliwa na kitu laini kiasi hicho, taratibu, bila sauti. Hakuna mashine niliyoiona Maskati ya kufanya hivyo.

Njiani mhandisi alinipa maelekezo kama vile yeye ndiye mwajiri. Taarifa iende kwa kampuni kesho. Nisikiri kitu kwa mwalimu, nisiahidi, na nisije nikafuata desturi za kwetu, kumchukua mzee mmoja na mbuzi kwenda kuomba msamaha, maana hilo kampuni italihesabu kuwa ni kukiri. Nikamwambia asihofu, kuomba msamaha sijazoea. Kwenye fomu ya taarifa, palipoulizwa tatizo lilijulikana lini, niliandika Machi.

Ikabaki kwamba mwalimu na mkewe walihama chumba cha kona, wakasogeza kila kitu sebuleni, na kusubiri. Hawakuwa na namna nyingine. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kazi yake yote ya ualimu, na bila bima, si mimi si yeye angeweza kuujenga msingi upya. Nilienda kuwatembelea mara tatu. Nilikuwa nasalimia, naulizia afya, nazungumzia mvua. Mara ya tatu mwalimu aliacha kuuma muwa, akageuza uso kwangu.

“Fundi, umekuja mara tatu. Mtu akimvunjia mwenzake hata chungu, huwa kuna neno anasema.”

Nikamweleza kwamba mkataba umenifunga mdomo. Akatikisa kichwa, akasema hajawahi kusikia karatasi ya kumzuia mtu asiseme hivyo, na akarudi kwenye muwa wake.

Siku moja kabla ya mkadiriaji wa hasara wa kampuni ya bima kufika kutoka Dar es Salaam, nilikwenda mchana kumwandaa mwalimu. Nikamwambia kwamba ataulizwa ufa ulianza lini na umekua vipi. Akasema hilo si tatizo, ameandika yote. Mkewe akaleta karatasi nene, zimeshonwa pembeni kwa uzi, zimejaa nukta nundu, maandishi ya wasioona. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapapasa ufa, anaupima, kisha anakaa na kibao chake na kalamu ya kutobolea. Aliupimaje? Mwanzo ulikuwa unapitisha wembe. Kisha kadi ya kliniki. Kisha sarafu, kwanza nyembamba, halafu nene. Mwezi wa tatu uliingiza penseli.

Nimefanya kazi na wapimaji wenye vifaa vya bei ya gari. Hakuna aliyewahi kuniletea kumbukumbu ya ufa, wiki kwa wiki, kwa wembe na sarafu. Nilizishika karatasi zile, nikapitisha vidole vyangu, sikuelewa chochote, zilikuwa kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Nikauliza zimeanza lini.

“Desemba. Siku uliyokuja wewe.”

Nikakaa. Nikamweleza kila kitu, na sikumficha. Kwamba Januari nilisaini kuwa sijui kitu. Kwamba niliandika Machi. Kwamba kampuni ikijua kulikuwa na Desemba, inaweza kusema nilificha, ikajitoa, na nyumba ikabaki ilivyo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, jambo ambalo kwake halikuwa na maana ya kuona, ila ya kufikiri. Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wa mtama, mikono imesimama.

“Hizi karatasi,” mwalimu akasema mwishowe, “kesho kuna mwingine atakayeweza kuzisoma?”

Nikasema hapana.

“Basi nenda. Nimekusikia.”

Sikujua amenisikia vipi. Nilirudi Kikuyu nikimwambia moyo wangu kwamba uamuzi si wangu tena, ni wa mzee, na kama akianzia Machi nitakuwa sijasema uongo wowote mpya.

Mkadiriaji alikuja asubuhi, mtu mfupi amevaa buti za mpira na shati limechomekewa, amebeba kamera na tochi. Alimwamkia mwalimu shikamoo kwa unyenyekevu, akaupiga ufa picha juu mpaka chini, akaingia kwenye shimo la mhandisi, akaonja udongo kwa ncha ya ulimi kama mpishi. Tulikuwa watu watano pale: yeye, mwalimu na mkewe, mhandisi na mimi. Alipomaliza alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akafungua daftari, akamwomba mwalimu aeleze kuanzia mwanzo.

Mwalimu aliweka karatasi mapajani. Vidole vyake vikashuka kwenye mstari wa kwanza, vikatulia pale. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini nilisikia kuku wanavyokwaruza uani. Kisha vikaanza kutembea, na sauti yake ikawa ile ya darasani, haipandi wala haishuki.

Akasoma tarehe, na tarehe ilikuwa ya Desemba. Akasoma: “Unywele, kona ya dirisha, unapitisha wembe. Nimempigia fundi. Fundi kaja, kausikia kwa kidole. Kasema ni lipu inakauka. Nimefurahi.”

Hakuishia hapo. Alisoma wiki zote, wembe, kadi, sarafu, penseli, bila kuruka Jumapili hata moja. Alipomaliza alizikunja karatasi na kuziweka juu ya goti. Alikuwa amekwisha kuiweka nyumba yake juu ya neno la kweli na hakuonekana kuwa na haraka ya kujua litambeba au la.

Mkadiriaji aliuliza kama kuna mtu mwingine anayesoma nukta nundu hapo. Hakuna. Akageuza kalamu, akaniambia kwa upole kwamba ana fomu yangu inayosema Machi, na ana maneno ya mzee ambayo yeye hawezi kuyahakiki.

“Mkurugenzi,” akasema, “ni ipi?”

Mhandisi alikuwa ananitazama. Niliona wazi jinsi ilivyokuwa rahisi. Ningesema mzee amechanganya miezi, umri umekwenda, na nyumba yake hiyo hiyo ingepona kwa maneno hayo. Ningekuwa nimemsaidia. Lakini mtu yule alikuwa na kila sababu ya kuanzia Machi, zaidi yangu mimi, na alianzia Desemba. Nimeshindana na watu wengi maishani na mara nyingi nimewashinda. Sikutaka kushindwa na huyu kwa umbali ule.

“Ni kweli,” nikasema. “Nilikuja Desemba. Nilisema ni lipu. Na kona ile sikuichimba.”

“Nimekuuliza tarehe,” mkadiriaji akasema, bado anaandika. “Kosa sijakuuliza. Usinimalizie kazi.”

Mke wa mwalimu akaguna, karibu acheke.

Wakati anavua buti pembeni ya gari, mkadiriaji aliniambia jambo ambalo bado nalikumbuka ninapochora. Alisema kampuni za simu zinatunza orodha ya simu zilizopigwa, na kama ningemkanusha mzee, kisha yeye akaiona ile ya Desemba, jalada lingefungwa siku hiyo na ofisi yangu isingepata bima kwa mtu yeyote nchini. Sasa ataandika alivyosikia, na kampuni iamue. Hakuahidi.

Tulingoja wiki sita. Mwalimu hakunipigia simu hata mara moja kuuliza. Nilijikuta nikiangalia mawingu kama mkulima, nikiomba mvua za mwisho zisiwe na nguvu.

Barua ilipokuja mhandisi aliisoma kwa sauti. Kampuni ilisema kwamba nilipaswa kutoa taarifa Desemba. Lakini kwa kuwa nilikuwa na bima yao mwaka wa ufa na mwaka wa taarifa bila kukatika, na kwa kuwa ukweli ulisemwa kabla ya wao kuutafuta, watalihesabu dai kuwa ni la mwaka uliotangulia. Msingi wa kona utatengenezwa. Sehemu ya kwanza ya hasara nitaibeba mimi, kubwa kuliko ya kawaida, na ada yangu ya mwaka ujao itapanda. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: kwamba sasa, kwa kuwa wamekubali dhima, sina kizuizi cha kuzungumza na mteja.

Niliusoma mstari ule mwenyewe mara ya pili. Watu katika ofisi ambayo sijawahi kuingia, wasiomjua mwalimu wala mkewe, walikuwa wamekaa na kukubali kwamba nyumba ya mtu mmoja mbele ya Mtumba isianguke. Katika majengo yote niliyochora sijaona kazi ya binadamu iliyo kubwa kama hiyo, nami nimeona mengi.

Mwezi wa sita mafundi walifungua kona. Kazi hiyo hufanyika kwa vipande: unachimba chini ya msingi kipimo cha hatua moja, unatoa mbuga yote mpaka unapokuta udongo mgumu wa kweli, unamwaga zege, unasubiri, ndipo unasogea kipande kingine, ili nyumba isijue kwamba imeondolewa miguu. Nilisimamia mwenyewe, kila siku. Mashimo ya kupimia nilichimbisha matano, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kipande cha tatu mwalimu alisema anataka kushuka. Mkewe akamwambia ana wazimu, akamwambia pia mimi nina wazimu zaidi nikikubali. Mafundi wakaweka ngazi. Nilitangulia, naye akafuata, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka tukasimama chini ya usawa wa sakafu yake, kuta za udongo mweusi pande zote na harufu ya unyevu. Akapapasa. Akaigusa mbuga, akaibonyeza, akanusa kidole. Akaigusa zege mpya, bado ina joto la kuganda. Kisha akainua mkono akakuta msingi wa zamani, ule niliouchora mimi, akaufuata kwa kiganja mpaka mahali ulipopasukia.

“Kumbe ni hapa,” akasema.

“Ni hapo, mwalimu. Nilikosea. Nilichimba shimo moja, juu kule, kwa uvivu na kwa majivuno. Halafu nikakudanganya kuhusu lipu, na mimi mwenyewe nikajidanganya. Naomba unisamehe.”

Sikumbuki kama niliwahi kusema maneno hayo kwa mtu kabla ya hapo. Mafundi juu waliacha kukoroga. Mwalimu hakugeuka, alibaki na kiganja kwenye ule mpasuko, anaupima kwa kidole gumba, taratibu.

“Haya,” akasema. “Sasa nishike mkono vizuri tupande, fundi. Usije ukaniangusha na humu.”